Ukijikuta Dar es Salaam Mwaka 1984

Mpwa wangu alinipitia Jumamosi moja amevaa bugaluu aliyoishonesha Kariakoo, na shati ambalo kola yake ilimfika mabegani. Alikuwa anakwenda kwenye sherehe ya "miaka ya themanini". Mlangoni simu zinakusanywa kwenye kapu, ndani zinapigwa zilipendwa, na vijana wanaishi kama tulivyoishi sisi. Nikamwambia bugaluu ni ya miaka ya 70. Mwaka 1984 angetembea na kundi la watoto nyuma yake. Akasema, "Mjomba nawe, nani atajua?" Alirudi saa sita usiku, macho yanamng'aa, akanieleza kwamba wamekaa saa nne nzima bila simu na sasa ameelewa raha tuliyokuwa nayo.

Saa nne bila simu si miaka ya 80. Hiyo ni misa ya ndoa.

Nikaona bora niandike maelekezo, kwa ajili yake na wenzake. Wanavyoitamani ile miaka, ipo siku mlango wa ukumbi utafungukia upande mwingine, na kijana atajikuta amesimama Magomeni Mapipa, jua la saa saba, mwaka 1984, begi mgongoni, mkononi simu isiyoshika mtandao wowote. Simu hiyo itie mfukoni. Itakufaa kama tochi mpaka usiku wa kwanza uishe, baada ya hapo itakufaa kama kioo.

Cha kutazama kwanza ni begi lako. Kama mama yako alikufungashia miche mitano ya sabuni, kilo tatu za sukari na doti mbili za khanga za kumpa mwenyeji, basi umeingia mjini umebeba ushahidi. Mwaka uliopita ulipita msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, na wapo waliotupa mali usiku ili asubuhi isiwakute nayo. Mche mmoja wa sabuni ni usafi. Mitano ni ulanguzi. Mgawie mwenyeji, mgawie jirani, na utapendwa haraka na mtaa ambao wiki iliyopita ulikuwa unafulia majani ya mpapai.

Jioni hiyo hiyo utapelekwa kwa balozi wa nyumba kumi. Usitafute bendera wala geti. Ni mzee wa mtaa, amekaa barazani kwenye kiti cha uvivu, na daftari liko karibu. Shikamoo kwanza, tena ya kuinama kidogo. Atakuuliza umetoka wapi, umefikia kwa nani, utaondoka lini, kisha ndipo lije swali lenyewe: unafanya kazi gani?

Hapa ndipo mtakapopotelea wengi. Ukisema unatengeneza maudhui, atauliza kiwanda chake kiko barabara gani. Ukisema una wafuasi elfu kumi, ataweka kalamu chini na kumtuma mtoto kwa katibu wa tawi, maana mtu mwenye wafuasi elfu kumi nje ya Chama si mgeni wa kuandikwa tu daftarini. Usijaribu pia kudanganya kwamba uko Urafiki kwenye nguo au Bora kwenye viatu. Mpangaji wa nyumba ya tatu yuko Urafiki zamu ya usiku, na ataamshwa.

Swali hilo si la udaku. Operesheni ya Nguvu Kazi imeanza: wasio na kazi maalumu mjini wanakamatwa na kupelekwa kulima, na mgambo wakikusimamisha mchana wanataka kitambulisho cha kazi. Kumwambia mgambo "najiajiri mtandaoni" ni kukiri kosa kwa maneno mapya. Watangulizi wako wa miaka ya 70 walipelekwa upande wa Kigamboni, kijiji kiitwacho Gezaulole, yaani jaribu uone. Jina limemaliza maelezo. Jibu salama ninalolijua ni moja: "Nimekuja kumwuguza bibi." Sharti bibi awepo, na awe anakohoa.

Usinung'unike kwamba balozi anakuchunguza. Simu yako ilikuuliza maswali hayo hayo, ila haikukutazama usoni, nawe ukaikubalia yote bila kusoma.

Chakula. Kanuni ya foleni ni panga kwanza, uliza baadaye. Mbele ya duka la ushirika utaona watu wanne na vitu kumi na moja: tofali, ndala ya mguu mmoja, kapu, debe lililotoboka. Vitu hivyo ni watu. Tofali ni mama fulani aliyekwenda kumnyonyesha mtoto. Ndala ni mwalimu aliye darasani. Niliwahi kulikalia tofali nikidhani ni tofali, na mwenyewe aliporudi nilielezwa malezi yangu kuanzia kwa babu. Ukifika dirishani utaambiwa sukari imekwisha, vimebaki viberiti na wembe. Nunua. Hata kama una viberiti nyumbani, nunua, maana kesho jirani atakuwa na sukari na hana kiberiti, na hapo ndipo utakapoijua sarafu halisi ya mwaka 1984. Ugali ukija mezani wa njano usiulize rangi. Ni mahindi ya msaada, unga wake tuliuita Yanga, na mashabiki wa Simba walioula bila kusema neno ninawajua kwa majina.

Barabarani kuna mabasi ya UDA, mengine Ikarus kutoka Hungaria, yale marefu yenye mikunjo katikati, maarufu kwa jina la kumbakumba. Tangu mwaka jana yameruhusiwa pia magari ya watu binafsi, nauli shilingi tano, yaani dala, ndiyo maana makondakta wanapiga kelele "dala, dala!" Ukitaka kuonekana mganga, tabiri kwamba neno hilo litadumu. Lakini gari la kuogopa ni chai maharage. Hilo ni pikapu iliyofungwa mabenchi mawili nyuma, abiria mnakaa mkitazamana kama mko hotelini mnangoja chai na maharage. Kwetu sisi shida yake ilikuwa vumbi. Kwako shida itakuwa macho. Huna pa kuyaweka. Huna kioo cha kutelezesha kidole, huna cha kujifanya unasoma, na magoti yako na ya mzee wa mbele yako yamegusana. Kabla hamjafika Jangwani mmoja wenu lazima aseme jambo. Mkifika Fire mtakuwa mmegundua shangazi yake aliolewa kwenu, na kwa hiyo huwezi kushuka bila kuahidi kwenda kumsalimia. Na ukiahidi, itabidi uende kweli. Sababu yake nitaisema.

Kuhusu njia, usitafute namba ya nyumba. Mji huu umepewa majina na watu waliokuwa wanaelekezana: Mwembechai, Mkwajuni, Mapipa. Uliza. Wa kwanza atakupoteza, wa pili atakurudisha, wa tatu atakusindikiza mpaka mlangoni na kungoja kuona kama kweli unafahamika.

Sasa habari ya kuwasiliana, ambayo ndiyo mnayodhani hatukuwa nayo.

Barua ina adabu zake. Usianze na "mambo vipi". Anza na salamu, endelea na salamu, eleza kwamba wewe u mzima wa afya na hofu yako ni kwake yeye aliye mbali na upeo wa macho yako, msalimie mama yake, wadogo zake wote kwa mfuatano, na jirani mwenye mguu mbovu. Hapo ndipo uandike "baada ya salamu". Wapo wanaodhani huo ulikuwa upotezaji wa karatasi. Ulikuwa chombo cha kupimia: barua iliyoruka salamu ilimwambia msomaji, kabla hajafika mstari wa tatu, kwamba kuna msiba, deni au mapenzi yaliyoharibika. Wino mwekundu usiuguse kabisa. Poda kidogo ndani ya bahasha inaruhusiwa, kwa wale wanaohusika.

Kumbuka pia barua yako haitasomwa na uliyemwandikia. Inakwenda kwa sanduku la posta la shule, au la misheni, au la ofisi anakofanya kazi mjomba wa mtu; itakaa juu ya meza ambako kila mmoja ataitazama mihuri; na kama unamwandikia bibi asiyejua kusoma, itasomwa kwa sauti na mtoto wa darasa la tano mbele ya ukumbi mzima. Mtoto huyo hufika kwenye neno la siri akalirudia mara mbili kwa sababu mwandiko wako mbaya. Andika ukijua hilo.

Faida yake ni kwamba hasira haikusafiri vizuri. Uliandika usiku kwa mwanga wa koroboi, ukatukana kurasa mbili. Asubuhi huna stempu. Stempu ukaipata Alhamisi. Alhamisi ukaisoma tena, ukaona haya, ukaichana.

Simu ya maandishi, kinyume chake, haikuchelewa, na kwa hiyo iliogopwa. Malipo yake ni kwa neno, na hapo lugha yetu ilituokoa: "amelazwa" ni neno moja, "hatujamwona" ni neno moja. Ila nakusihi usimpelekee mtu simu kwa jambo la furaha. Tarishi akiingia uani na ile karatasi, wanawake huanza kulia kabla haijafunguliwa, na jirani huanza kupanga viti. Binamu yangu aliandikiwa kwamba amefaulu. Walipomaliza kumpepea mama yake ilikuwa magharibi.

Simu ya kuzungumza ipo ofisini, na ina kufuli. Sisemi mfano: kufuli dogo la shaba limetiwa kwenye tundu la kuzungushia namba, ufunguo anao karani mkuu. Vijana waliojua walipiga kwa kugongagonga kitako cha kuwekea mkono wa simu, gonga tatu kwa namba tatu, gonga saba kwa namba saba, bila kukosea mwendo. Nilimwona mtu akiipata Tanga kwa kugonga namna hiyo. Nilimwona pia akimaliza kugonga, simu ikaita, ikapokelewa na karani mkuu chumba cha pili.

Redio haihitaji maelezo mengi, maana ipo moja. Bara hakuna kituo cha televisheni na hakitakuwapo hadi 1994. Zanzibar wanayo tangu 1973, tena ya rangi, na watakukumbusha bila kuulizwa. Sisi tuna Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa kuwa kila nyumba imefungulia hapo hapo, unaweza kutoka Magomeni kwa miguu taarifa ya habari inaanza na usikose sentensi hata moja njiani. Ukifika mjini mwezi wa Aprili utajua uzito wa jambo hilo. Tarehe 12 Sokoine alifariki kwa ajali ya gari pale Dakawa, Morogoro, na Mwalimu Nyerere mwenyewe akatangaza. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Mtaa mzima ulisimama pamoja, mwenye ndoo akiwa na ndoo, kinyozi akiwa na kichwa cha mtu nusu.

Kwenye redio hiyo unaweza kutuma salamu kwa kadi. Unaandika majina ya uwapendao, unaweka ujumbe wa hekima mwishoni, unaitia posta, unangoja. Inaweza kusomwa baada ya wiki sita. Katika wiki sita binti uliyemweka wa kwanza ameshakuacha, rafiki uliyemweka wa pili ndiye aliyemchukua, na sasa mtangazaji anawasomea wote wawili salamu zako kwa sauti nzuri, nchi nzima inasikia. Hakuna kitufe cha kufuta.

Ukipenda wimbo, huupati dukani kirahisi. Unakaa mbele ya redio kaseti vidole viwili juu ya vitufe, betri zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu ya mwisho, na unaomba mtangazaji asizungumze juu ya gitaa. Atazungumza. Mimi nilikuwa na wimbo wa Mlimani Park ambao katikati yake jogoo wa jirani aliwika, kwa sababu nilirekodi kwa kinasa sauti kilichowekwa dirishani. Miaka mingi baadaye mpwa wangu akanitafutia wimbo huo kwenye simu yake, safi, bila mkwaruzo. Nilipofika pale pa jogoo nikangoja. Nikamwambia hiyo si yenyewe. Na ukiwa bado kwenye muziki: chagua mapema kati ya bendi mbili, Sikinde na Msondo. Anayesema anapenda zote mbili anahesabiwa kuwa mtu asiye na msimamo, hakopeshwi.

Picha, upige kidogo. Mkanda una picha 36 ukiwa na bahati, na ndani yake mna arusi moja, ubatizo mmoja na mtu aliyefumba macho, ambaye utajua ni wewe wiki tatu baadaye. Vitabu vipo, vinapita mkono kwa mkono. Willy Gamba wa Elvis Musiba utamsoma usiku kucha, kisha ukute kurasa nne za mwisho zimekwisha kuwashia moto, na itakubidi umtafute mtu mtaa wa pili aliyewahi kusoma nakala nzima akusimulie adui alikuwa nani. Atakusimulia kwa malipo. Malipo ni viberiti.

Nilisema nitaeleza kwa nini ahadi ya chai maharage lazima itimizwe. Mnapoizungumzia ile miaka mnafikiri mtakosa habari, muziki, ramani. Hivyo mtapata, watu wanavyo, na watu wamejaa. Mtakachokikosa ni kughairi. Hakuna namna ya kusema "samahani, kuna dharura" ukiwa kitandani. Hakuna "niko njiani" inayosemwa na mtu anayetafuta soksi. Ukishamwambia mtu Jumamosi saa kumi, neno hilo limetoka kama jiwe. Huwezi kulifuata na kulirudisha, kwa hiyo unakwenda, kwa mvua, kwa homa, kwa kumbakumba lililopita bila kusimama. Na yeye anakwenda. Halafu ikitokea mmoja hayupo, yule mwingine anasimama pale akiwa hana cha kumwuliza yeyote.

Kusubiri nako kuna kanuni. Usiondoke kwenda kununua karanga, maana dakika tano za karanga ndizo atakazofika. Usikae, utaonekana huna kazi, na mgambo wanapita. Shika gazeti. Saa ya kwanza mpe UDA. Saa ya pili mpe baba yake. Saa ya tatu ni yako mwenyewe.

Nilizijua kanuni hizo mwaka huo huo. Nilikubaliana na binti mmoja wa Ilala tukutane Jumamosi saa kumi jioni, pale kwenye mnara, twende Empire tukatazame picha ya Kihindi. Nilisimama Mnara wa Saa kuanzia kumi kasorobo. Niliona mabasi yote yaliyotoka Ilala na watu wote walioshuka. Nilitoa saa zote tatu, ya UDA, ya baba yake na yangu, na ya nne sikujua nimpe nani. Nikarudi Magomeni kwa miguu, na Jumatatu nikasikia amekwishaondoka kwenda JKT mkoani.

Barua yake ilifika baada ya wiki tatu. Salamu zote zilikuwepo, hadi za jirani yetu mwenye mguu mbovu. Baada ya salamu akaandika kwamba Jumamosi ile alinisubiri pale kwenye mnara mpaka giza likaingia, akashangaa sikutokea. Mnara wa Mwenge, Mnazi Mmoja. Nilimjibu siku hiyo hiyo, na salamu zote nikaziruka.

Kwa hiyo wewe ukijikuta kule, na ikawa Jumamosi jioni, fanya jambo moja kabla ya kuanza kustarehe na maisha yenu ya bila simu. Pita Mnara wa Saa. Utamwona kijana mwembamba, viatu vimepigwa kiwi kupita kiasi, ameshika Uhuru la juzi na hajageuza ukurasa. Usimweleze habari za intaneti, hatakuelewa na hana nafasi. Mwambie afuate Barabara ya Uhuru mpaka Mnazi Mmoja, ni mwendo wa dakika kumi. Na asikimbie. Atafika anatoka jasho, na sabuni yenyewe hakuna.